Mama Msasa na Mashine ya Wageni

Tulimwita Mama Msasa kwa sababu ulimi wake ulikwaruza. Katika chuo chetu cha ufundi alitufundisha kukereza chuma, kukichonga kwa kisu huku kikizungushwa na mashine: mwanamke mfupi, mikono imejaa makovu madogo, ovaroli imepauka mpaka hujui ilikuwa ya buluu au ya kijivu. Mumewe, mtu mpole aliyeongea kama anaomba radhi, alitufundisha masomo ya jumla, yaani hesabu, kuandika barua na namna ya kuzungumza na watu. Asubuhi mke anatufokea, mchana mume anatubembeleza. Tulikuwa tukitaniana kwamba chuo kimewaajiri makusudi, mmoja atuchubue, mwingine atupake mafuta.

Kilichomchemsha Mama Msasa kilikuwa palepale karakanani, kimefunikwa turubai. Ilikuwa mashine mpya ya kukereza, ambayo chuo kilipewa kama msaada. Tangu miaka kabla sisi hatujaingia, Mkuu wa chuo alikuwa ameifunga mnyororo na kufuli, ufunguo akautia mfukoni mwake.

"Mkiigusa mtaiharibu," alisema. "Halafu wageni wakija tutawaonyesha nini?"

Basi Mama Msasa akawa anatuchorea mashine ubaoni kwa chaki. Alichora kisu chake, akachora chuma kinavyozunguka, akaweka mishale. Sisi tulinakili mishale. Siku moja aliacha kuchora katikati ya mchoro, akaitazama ile chaki, akaivunja vipande.

"Nawafundisha kuogelea mchangani!" alifoka. "Mtakwenda kwa tajiri gani mkamwambie mnajua kukereza karatasi?"

Alikwenda ofisini kwa Mkuu tena na tena. Kila mara aliambiwa suala lake litaangaliwa. Kila mara alirudi midomo ameibana, na ole wake atakayepishana naye mlangoni.

Ndipo ikaja habari kwamba waliotoa msaada wanakuja kuona matunda yake. Mchana tulipoingia kwenye masomo ya jumla, tulikuta sentensi zimepangwa ubaoni kwa ule mwandiko mzuri wa Mwalimu: "Mashine hii imeniongezea ujuzi. Ninaitumia kila siku kwa uangalifu." Tukaambiwa tuzikariri.

Twiga, dada mmoja mrefu aliyekuwa hodari kuliko sisi wote, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hili kwenye mtihani litakuwa swali la barua au la hadithi za kubuni?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa chafu. "Semeni tu, wanangu. Mkuu ameagiza. Mgeni hapokelewi kwa malalamiko."

Nyumba za walimu zilikuwa nyuma ya bweni letu, na hasira ya Mama Msasa haikujua kufunga dirisha. Jioni ile tulisikia kila neno.

"Umewafundisha watoto wa watu kudanganya!"

"Mke wangu, ni maneno tu. Nimeamriwa."

"Maneno ndiyo kazi yako! Mimi bolti ikinitoka kombo naitupa. Wewe umetengeneza uongo, umeusugua mpaka unang'aa, halafu unaniambia ni maneno tu?"

"Ulitaka nikatae tufukuzwe wote wawili? Watoto wetu wale nini?"

Tulisikia sufuria ikigonga sakafu. Kama ilianguka au ilitupwa, hatukujua. Kesho yake Mwalimu alikuja darasani na shati lililokunjamana.

Siku ya wageni tuligawiwa ovaroli mpya kutoka stoo, bado zina mikunjo ya dukani. Turubai likavuliwa. Mkuu akamkabidhi Mama Msasa ufunguo huku akimnong'oneza, "Iwashe izunguke tu. Usikate kitu." Mama Msasa akaiwasha, uso mkavu kama jiwe.

Mgeni mmoja alimsogelea Twiga. "Na wewe, binti, mashine hii imekusaidiaje?"

Twiga alimtazama Mama Msasa, akamtazama Mwalimu, kisha akaitoa ile sentensi neno kwa neno. Wageni wakapiga makofi. Na sisi tukapiga, na sijawahi kuyaonea aibu makofi yangu kama siku ile. Wakanywa soda zao, wakaingia magarini, wakaenda.

Vumbi halijatua, Mkuu akanyoosha kiganja. "Haya, lete ufunguo. Funika."

"Sifuniki."

"Unasemaje?"

"Asubuhi nzima umeazima midomo ya wanafunzi wangu. Sasa na mimi naazima mashine." Akautumbukiza ufunguo kwenye mfuko wa kifuani, akafunga kifungo. "Twiga! Vaa miwani ya kinga, njoo hapa."

Mkuu alitoka nje. Twiga akasogeza kisu, chuma kikalia, nyuzinyuzi za chuma zikaanza kujisokota na kuanguka. Kipande cha kwanza kilitoka upande. "Kibovu! Rudia!" Mama Msasa alifoka, lakini mkono wake ulikuwa juu ya mkono wa Twiga, ukiuongoza taratibu. Mara taa zikazimika, mashine ikapunguza mwendo, ikanyamaza. Mkuu alikuwa amezima swichi kuu. Mama Msasa alimrushia dirishani maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Kisha umeme ukarudi. Tukakimbilia dirishani. Mwalimu wetu wa masomo ya jumla alikuwa amesimama mbele ya kisanduku cha swichi, amekiegemea kwa mgongo, Mkuu anamnyooshea kidole usoni.

"Toka hapo!"

"Samahani, Mkuu," alisema kwa sauti yake ileile ya kuomba radhi. "Sitoki."

Siku ile kila mmoja wetu alikereza.

Waliilipia. Mwalimu alipewa onyo kali. Mama Msasa alitolewa karakanani, akapangiwa kufundisha maadili ya kazi, na Mkuu wala hakuona kichekesho. Mashine ikafungwa tena kufuli. Sisi tukawa tunakaa chini kuizunguka mashine kila kipindi na kukataa kunakili chochote, mpaka kufuli likaondolewa na mwalimu mwingine akaletwa. Mama Msasa hakurudishwa.

Watu walimpongeza kwamba ameshinda. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

"Nimeshinda nini? Waliomaliza kabla yenu nani atawarudishia miaka yao?"

Alikuwa akikutana nao sokoni, wanasukuma mikokoteni, na bado wanamwamkia kwa heshima. Siku akitoka huko tulijua bila kuambiwa, maana darasani hakuna aliyethubutu hata kukohoa.