Makaroni Aliyokula Mjomba

Enzi zetu, sisi tuliokulia kule juu Mgeta, makaroni yalitengenezwa kwa mkono, moja moja, mpaka vidole vinakufa ganzi. Vijana wa leo jiko linawaka kwa kuzungusha swichi, na bado wanaona kupika ni adhabu. Wengine hata maji wanayaunguza. Sisi tuliamka na ukungu mlangoni, kuni zimelowa, tunapuliza moto mpaka machozi yanatutoka, kisha ndiyo kazi inaanza.

Mama yangu alifanya kazi jikoni kwa masista wa misheni. Sisi ni Waislamu na hakuna aliyeona ajabu, kazi ni kazi. Sista mmoja wa Kitaliano alimfundisha makaroni na jibini, naye mama akanifundisha mimi nikiwa na miaka tisa. Unga wa ngano ulitoka mjini, unapandishwa mlima kichwani. Tuliukanda kwa mayai na chumvi, tukaufunika kitambaa kibichi upumzike. Halafu tunakata vipande vidogo na kuviviringisha kwenye spoku ya baiskeli. Unaivuta spoku taratibu, kinabaki kibomba chenye tundu katikati. Ukivuta kwa pupa kinachanika, na mkono wa mama haukuwa mbali na kisogo changu.

Jibini nalo lilikuwa na mambo yake. Maziwa unayapasha bila kuyachemsha, unayakamulia ndimu mpaka yakatike, unachuja mabonge kwenye kipande cha kanga kuukuu na kuyakandamiza kwa jiwe hadi kesho yake. Kisha jibini linapanda kwenye uchaga, juu ya moto, linakaukia kwenye moshi wiki nzima. Siku ya kupika tulilikuna kwenye bati lililotobolewa kwa msumari. Tunapika uji wa maziwa, siagi na unga kidogo, tunachanganya vyote sufuriani na kupalia makaa juu ya mfuniko ili pawe pekundu. Harufu ile ilifika mpaka mtoni. Watoto wa majirani walikumbuka ghafla kwamba wametumwa kwetu kuomba chumvi.

Mwaka niliomaliza darasa la saba jina langu lilitoka. Nilichaguliwa kwenda sekondari, msichana peke yangu shule nzima. Mwalimu mkuu alikuja nyumbani kwa miguu kutuambia, suruali yake imejaa matope hadi magotini. Baba alifurahi sana. Lakini kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli ni mjomba. Bila mjomba Kibwana kukubali, nisingevuka hata mto.

Mjomba Kibwana alikuwa kaka mkubwa wa mama, mkali, mpenda kula. Mama akasema, "Nitamlisha mpaka akubali." Tukashughulika siku tatu. Mimi ndiye niliyekanda, nikaviringisha, nikakuna jibini, nikapalia makaa. Mama alikaa kwenye kigoda akiniangalia tu, na nadhani sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Mjomba alifika adhuhuri. Nilimpigia magoti, "Shikamoo mjomba," nikamnawisha mikono, nikaandaa. Alikula sahani ya kwanza kimya. Ya pili akaanza kuguna. Ya tatu akamsifu mama, akasema hata mjini hajala kitu kama hicho.

Hapo ndipo mama alipokosea. Akainua kidevu, akasema, "Kaka, mkono wangu haumo humo. Ni Zena peke yake, kuanzia unga mpaka jibini."

Alitaka mjomba aone mtoto huyu ana akili kiasi gani, akifundishwa jambo analishika. Mjomba aliona kingine. Alinitazama kuanzia miguuni kwenda juu, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

"Sasa mtoto anayejua hivi anakwenda shule kutafuta nini?" akauliza. "Wapo wenzake hata ugali unawashinda, hao ndio wapelekwe. Kuna mtu wa Kinole, kafiwa na mkewe, siku nyingi ananisemesha habari za huyu. Nilikuwa namzungusha. Leo sina tena cha kumzungushia."

"Lakini kaka..." mama akaanza.

"Lakini nini? Si umemaliza kumfundisha mwenyewe?"

Mama akaanza kukusanya sahani. Baba aliangalia mlango. Mimi nilikuwa nimesimama na jagi na beseni, kwa hiyo nikainama nikamnawisha mjomba mikono, maana ndivyo nilivyolelewa.

Mwalimu mkuu alirudi mara moja tu. Akaambiwa naumwa. Kabla ya mvua za masika nilikuwa Kinole, nina miaka kumi na mitano, nawapikia watoto wa marehemu, mmoja wao mkubwa kuliko mimi.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo na hatukuwahi kulizungumza. Nilimkasirikia. Bado nina hasira naye, ingawa yuko kaburini na najua aliponzwa na kunipenda. Watu wa rika langu tukikutana misibani husifu enzi zile: chakula cha asili, watoto wenye adabu, wajomba wanaosikilizwa. Mimi huwa natafuta viatu vyangu niondoke.

Mwezi uliopita alikuja mjukuu wangu Shamsa, anasoma chuo pale Mazimbu. Ana mchumba, na wazazi wa kijana walikuwa wanakuja kumwona Jumapili.

"Bibi, mama ameniambia unajua makaroni na jibini, ya kutengeneza kila kitu mwenyewe. Nifundishe basi, niwapikie wakome!"

Nikaitazama mikono yake. Laini, haina hata kovu moja la moto. Bado ana miaka miwili chuoni.

"Nimesahau, mjukuu wangu."

"Bibi jamani! Basi nitanunua ya pakiti."

"Nunua," nikamwambia. "Na wakikuuliza kama unajua kupika, kataa."