Franga za Kusema Sina Franga

Duka langu la vitenge pale Kamembe lilikufa taratibu, kama redio inayoishiwa betri: unaipiga kofi, inaimba kidogo, inanyamaza. Mwishowe kitu cha maana kilichobaki kilikuwa cherehani moja, nayo ndiyo ilikuwa inatulisha. Papa mmoja wa Bukavu, aliyenikopesha mizigo, aliapa kwamba Jumatatu atakuja kuibeba.

Nikashuka Cyangugu kumwona avoka, yaani wakili. Akanieleza vizuri: nikifungua faili ya kufilisika, mahakama ikaipokea, hakuna atakayebeba kitu mpaka jaji aamue. Nikafurahi. Kisha akataja bei: kazi yake, ada ya mahakama, mihuri, fotokopi. Nikahesabu. Nikahesabu tena, nikidhani mara ya kwanza nilihesabu kwa hasira.

"Papa avoka, kama ningekuwa na franga hizo, ningefilisika?"

Akaniangalia kuanzia kilemba mpaka viatu. "Maman, mutu wa kuvaa hivi anakosa franga?"

Sisi wa biashara ya mpakani tumezoea hivyo: ukienda kuomba mkopo, unavaa kama mtu asiyeuhitaji. Nami nilikuwa nimevaa kitenge cha sikukuu, chenye nakshi ya dhahabu, kwenda kusema sina kitu. Alinipunguzia fotokopi tu. Na nilipopanda kurudi Kamembe, walioniona nimependeza walidhani mambo yamenyooka. Muuza maharagwe akanidai. Fundi viatu naye akanidai.

Ikabaki likirimba, chama chetu cha akina mama: kila wiki tunachanga, mmoja anabeba zote. Nilikuwa nimeshachanga mapema sehemu yangu yote, ila zamu yangu ya kubeba ilikuwa ya mwisho, na Jumatatu haikuwa na subira. Nikatangaza: nauza zamu yangu, kwa pesa taslimu.

"Ya nini?"

"Ya kulipa avoka aandike kwamba nimefilisika."

Walicheka mpaka mmoja akalala mkekani.

"Weye! Unatafuta franga ya kusema hauna franga? Nipe mie nusu, nitakusemea sokoni, tena kwa sauti!"

Aliyetaka kununua alikuwa maman muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, mgumu kama mimi. Alitaka kukata robo nzima ya pesa za zamu. Nikakataa, nikasimama, nikaenda hadi mlangoni polepole ili aniite. Hakuniita. Ikabidi nirudi kutafuta mwavuli ambao sikuja nao. Tukakubaliana: akate kidogo, na kilemba changu kiwe chake. Alikivua kichwani mwangu kabla sijaziona noti. Nikazihesabu mara mbili, kichwa wazi.

Ijumaa faili ikapokelewa.

Jumatatu yule Papa akafika na mkokoteni. Nikampa karatasi yenye muhuri. Akaisoma, akaigeuza, akaisoma upande usio na maandishi.

"Maman, franga ya avoka uliitoa wapi?"

"Kwa likirimba."

"Na mie ukaninyima?"

"Papa, weye ulikataa kupunguza hata kidogo. Avoka alipunguza fotokopi."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaomba maji. Alikunywa yote. Kisha akachungulia nje kuhakikisha mwenye mkokoteni yuko mbali, akashusha sauti:

"Huyo avoka... bei yake ya mwisho ni ngapi?"

Nikalitazama koti lake, safi, vifungo vinang'aa.

"Inategemea, Papa. Siku ya kwenda, usivae hiyo koti."