Bonde Lililonyamazishwa

Sijaisahau asubuhi moja, mwanangu, mwisho wa masika, katika bonde la nyasi upande wa Peramiho. Nilikuwa nachunga ng'ombe wa tajiri mmoja wa Mfaranyaki. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mwenye mtaji akinunua na kuuza atakacho. Mimi shule niliiacha mapema, nikawa mtu wa njia, nikifunzwa na ulimwengu.

Wenyeji walikuwa na utaratibu wao. Mvua zikielekea kwisha, kwale hutaga chini, katikati ya nyasi. Basi upande mmoja wa kijito ulifungwa, alama yake mafundo ya nyasi, na ng'ombe wakala ng'ambo. Vifaranga wakianza kukimbia, unafunguliwa. Maana nyasi zisipoliwa kabisa husongamana, kifaranga akakosa pa kupita. Nani aliwafundisha? Macho yao tu.

Tajiri akaja na viatu vyake vinavyong'aa. "Vusha ng'ombe. Nyasi nzuri zile zinaoza bure."

Mzee Ngonyani, aliyeangalia bonde, akamwambia kwa upole, "Baba, mle mna mayai. Ngoja kwanza yaanguliwe."

"Mzee, hii biashara huria. Au kwale wako wana hati ya kiwanja?"

Akacheka peke yake. Mzee akanigeukia mimi. "Na wewe kijana, fimbo kashika nani?"

Nikampa tajiri fimbo yake. "Vusha mwenyewe, bosi."

Akajaribu. Alifoka, akateleza kijitoni, na ng'ombe wakamtazama huku wakicheua. Kazi ikaniishia palepale.

Lakini mwenye nguvu mpishe, ndivyo watu walivyozoea. Kesho yake akaleta mchungaji mwingine, kundi likavuka. Nilipopita pale nilikuta mayai yamepondwa kwenye tope, na kwale jike anazunguka akiita. Nikamuuliza yule mwenzangu kwa nini. Akajibu bila kuniangalia, "Nimeagizwa."

Msimu uliofuata hakuna kwale aliyelia bonde lile. Tajiri alishahamia biashara nyingine.

Neno hilo, "nimeagizwa", linanichoma hadi leo kuliko kicheko cha tajiri. Tamaa ya mmoja haivuki kijito isipopata miguu ya wengine. Lisha mifugo yako, mwanangu, lakini pumzisha upande mmoja mpaka wanaolala chini wainuke. Na ukiagizwa kuponda, kataa, hata ukilala njaa.

Mungu akupe malisho mapana, na moyo wa kuyabakiza.