Sindano ya Kinyume

Njia nzima fundi alikuwa akijizoeza kununa. Cherehani aliyoazimwa na shoga yake ilikuwa inarudi kwa mwenyewe Jumatatu, na sare kumi na mbili za wanafunzi bado zilikuwa vitambaa tu. Pochini alikuwa na laki mbili na ishirini. Mzee aliyekuwa akiuza cherehani nyingine alitaka laki tatu.

"Usiisifu hata kwa jicho," mumewe alikuwa amemwambia kabla hajatoka nyumbani. "Tafuta kilema, ung'ang'anie hapo hapo."

Cherehani ya mzee ilikuwa sebuleni kwake, chini ya dirisha. Mzee aliiondolea shuka la maua taratibu, kama anayemwamsha mtoto. "Ya marehemu mama watoto. Haijaguswa tangu aondoke, ila mjukuu aliichezea kidogo."

Fundi akakaa, akaweka kipande cha kitambaa, akakanyaga pedali. Mishono ikaruka.

"Inaruka hii, baba," akasema, kabinua mdomo.

Mzee akanywea. "Mambo hayo siyajui, mwanangu."

Hapo ndipo angetaja bei yake. Lakini jua la alasiri lilikuwa limelalia gurudumu, vumbi likielea mwangani, na harufu ya mafuta ya mashine ikamrudisha chumbani kwa shangazi yake, alikojifunza kushona miguu ikiwa haijafika pedali. Vidole vikaenda vyenyewe. Vikalegeza skrubu, vikachomoa sindano iliyowekwa kinyume, vikaigeuza, vikakaza. Mguu wake ukashuka kwenye pedali. Sauti ikaja laini, kama mvua ya mbali juu ya bati, na mshono ukateleza, ukateleza, hadi kitambaa kikaisha.

Alipoinua macho, mzee alikuwa amefumba yake.

"Mwenzangu alikuwa akiikanyaga hivyo hivyo. Yeye anashona, mimi nalala hapo kwenye kochi."

Fundi akakumbuka kununa, kachelewa. "Nilitaka unipunguzie kwa sababu inaruka," akasema kwa aibu.

"Halafu ukaitengeneza." Mzee akacheka hadi akakohoa. "Wewe biashara huiwezi kabisa."

"Siiwezi, baba. Nina laki mbili na ishirini, nauli humo humo."

"Juzi alikuja dalali. Akaona inaruka, akanitajia laki moja, eti chuma chakavu. Yule alijua ni sindano tu?"

"Labda alijua."

Mzee akatikisa kichwa. "Lete laki mbili, ishirini ya mkokoteni. Ila hili shuka limefumuka pindo. Nishonee kabla hujaichukua."

Akajinyoosha kwenye kochi. Fundi akatandaza maua chini ya sindano, akakanyaga polepole, pindo lisije likaisha upesi.