Warushaji Watatu Niliowalinda

Mwaka huu timu yetu ilifunga msimu kwa chakula cha mchana katika ukumbi wa kanisa moja pale Lewisham, na kabla sahani hazijaondolewa mezani vijana wakaanza ubishi. Walitaka kujua ni mrushaji gani aliyekuwa bora kuliko wote tangu timu ianzishwe. Walibishana weee juu ya watu watatu, mpaka mmoja wao akanigeukia.

"Muulizeni Anko," akasema. "Yeye peke yake ndiye aliyecheza na wote watatu."

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ni ule mpira wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, na mpira umechongoka pande mbili kama kipapai. Hapa London tunaucheza Jumapili, kwenye viwanja vya matope, na watazamaji wetu ni wake zetu na mbwa waliopitishwa matembezini. Mrushaji ndiye kichwa cha timu. Anapokea mpira, anarudi nyuma hatua chache, anatafuta mwenzake aliye huru na kumrushia. Mbele yake wanasimama watu watano wanene, na kazi yao ni kuhakikisha haguswi. Tunawaita ukuta. Mimi nilikuwa tofali la mwisho upande wa kushoto kwa miaka kumi na sita. Mrushaji wa mkono wa kulia akijiandaa kurusha, mgongo wake hubaki upande huo. Adui akinipita mimi, mrushaji hamwoni anayemjia.

Niliingia katika mambo haya kwa upweke tu. Nilikuwa nimetoka Iringa miezi mitano nyuma, nimepata kazi ya kusukuma wagonjwa hospitalini, kutoka wodini kwenda chumba cha upasuaji, kutoka upasuaji kurudi wodini. Siku za kazi nilikuwa na watu wa kusalimiana nao. Jumapili, nikishatoka kanisani, sikuwa na mtu. Nilikuwa nikitembea tu hadi miguu ichoke. Jumapili moja nilipita kwenye bustani fulani nikaona watu wakubwa wazima wanagongana kama mafahali, nikasimama kutazama. Mzungu mmoja wa makamo akavua kofia yake akanijia.

"Una kilo ngapi?" aliniuliza, hata salamu hakuna.

"Mia moja na kumi."

"Unafanya nini Jumapili ijayo?"

Nilimwambia sifanyi chochote. Huyo ndiye aliyekuwa mrushaji wa kwanza.

Kazi yake ilikuwa kugawa barua za posta, na alikuwa na miaka thelathini na tisa, umri ambao wenzake wengi wameshastaafu mchezo. Hakuwa na mbio. Mkono wake haukuwa na nguvu za ajabu. Lakini aliwajua adui kabla hawajajijua wenyewe. Alinifundisha mchezo mzima kwenye mgahawa karibu na stesheni, kwa kupanga chupa za sosi na vikombe vya chumvi juu ya meza. Mimi nilikuwa chupa ya siki. "Huu hapa mgongo wangu," aliniambia siku ya kwanza, akigusa kikombe. "Nakukabidhi wewe."

Msimu wa tatu nikashindwa. Alikuwapo kijana mmoja wa timu pinzani, mwepesi, akanidanganya kwa bega, nikaenda kulia naye akapita kushoto. Nilisikia kishindo nyuma yangu. Mrushaji alikuwa chini, mtulinga umevunjika. Nilipiga magoti pembeni yake na nilikuwa nikilia, sioni haya kusema.

"Alikudanganya kwa bega?" aliniuliza, meno yameumana kwa maumivu.

"Ndiyo."

"Usitazame mabega, yanadanganya. Tazama kiuno. Kiuno hakiwezi kudanganya."

Hayo ndiyo maneno yote ya lawama niliyowahi kuyasikia kwake. Jumanne yake nikiwa kazini nilipewa karatasi ya mgonjwa wa kupelekwa upasuaji, nikafika kitandani, kumbe ni yeye. Nilishindwa kumtazama usoni. Nikaanza kusukuma. Katika korido ile ndefu aliniomba kalamu, na kwa mkono wa kushoto uliokuwa mzima akaanza kuchora nyuma ya ile karatasi namna ambavyo ningepaswa kuiweka miguu yangu. Muuguzi aliyetupokea mlangoni alidhani mgonjwa anaweweseka. Hakucheza tena baada ya hapo. Kila nilipomwomba msamaha alibadilisha mazungumzo, mpaka nikaacha kuomba.

Mrushaji wa pili alitoka Lubumbashi, akiendesha basi hapa mjini. Siku aliposikia kwamba mimi ni mtu wa Tanzania alinikumbatia kama tumezaliwa tumbo moja. Kiswahili chake kilinichekesha na changu kilimchekesha yeye.

"Weye simama pale tu, ndugu yangu," aliniambia kabla ya mechi yetu ya kwanza. "Miye nitajua pa kupita."

Kweli alijua pa kupita, ila hakumwambia mtu. Yule wa posta ulijua atakuwa wapi. Huyu ungemlinda kushoto kumbe ameshakimbilia kulia, ameona msongamano, amerudi kushoto tena na kundi la watu nyuma yake, anacheka. Nasema kweli, alinichosha. Alichelewa mazoezi, alisahau mbinu, na mara mbili tulifokeana mbele ya watu. Lakini alikuwa na jambo moja ambalo hakuna mrushaji mwingine aliyekuwa nalo. Kabla mpira haujatolewa mrushaji huhesabu kwa sauti, na wenzake huondoka kwenye namba waliyokubaliana. Yeye alihesabu kwa Kiswahili. Moja! Mbili! Tatu! Wapinzani walibaki wameduwaa. Ukuta wetu ulikuwa na Mpolandi mmoja, Mjamaika mmoja, na Waingereza wawili wa Thamesmead, na wote walijifunza kuhesabu hadi kumi. Mpolandi alikuwa akitamka "nane" vizuri kuliko mimi. Mwaka huo tulipanda daraja.

Lakini simkumbuki zaidi kwa hayo. Mwaka uliofuata mama yangu alifariki. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa, na kama ningetoka nisingeweza kurudi. Mke wangu alikuwa hajaja. Nilipokea simu asubuhi, nikampigia yule wa Lubumbashi kumwambia tu kwamba sitakuja mazoezini, na sababu yake.

"Uko na nani?" akauliza.

"Niko peke yangu, lakini usijali, nitakuwa sawa."

"Kwetu mutu wa kilio hatumuachake peke," akasema, akakata simu.

Saa saba mchana kengele ya mlango ililia. Nilifungua nikakuta ukuta wote umesimama kwenye ngazi, na yeye mbele akiwa bado na sare ya basi. Chumba changu kilikuwa na kitanda kimoja, kiti kimoja na dirisha. Wale watu wanene waliingia mmoja mmoja, kwa ubavu, wakaketi chini kwa sababu aliwaambia ndivyo msiba unavyokaliwa. Mjamaika aliomba kusali, akasali. Mpolandi alikuwa ameleta sufuria ya supu kwenye basi, ameishika mapajani njia nzima. Baadaye akaja yule wa posta, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi ndani alikaa mlangoni, miguu yake koridoni. Mmoja aliniuliza mama alikuwa mtu wa namna gani. Nikaanza kueleza kwa Kiingereza changu kibovu, jinsi alivyouza vitumbua, jinsi alivyokuwa akiimba kwa sauti mbaya kanisani na hajali. Wakacheka. Nikacheka na mimi, kisha nikalia mpaka nikatosheka. Waliondoka jioni. Keshoye wakaja tena, na siku ya tatu pia.

Dereva yule alihamia Birmingham kwa mkewe, na tukakaa misimu kadhaa na warushaji wa kuokoteza, ambao sitawataja. Kisha akaja wa tatu.

Huyu ni kijana wa miaka ishirini na mbili, mzaliwa wa hapa hapa Lewisham, mama yake ni muuguzi kutoka Kenya. Kiswahili anakielewa chote, ila hakisemi. Nikimwuliza, "Umeamkaje?" ananijibu kwa Kiingereza kwamba ameamka vizuri, Anko. Mwanzoni sikumpenda. Hakucheka nasi, hakula nasi baada ya mechi, alikuwa akitazama video za michezo peke yake kwenye kona. Lakini mkono! Sijawahi kuona mkono kama ule. Alikuwa akirusha mpira umbali ambao wale wawili wa kwanza wangehitaji kuutuma kwa posta au kuupakia kwenye basi.

Msimu wangu wa mwisho naye nilikuwa na miaka arobaini na tano na goti la kulia limekwisha. Sikumwambia mtu. Nililifunga bandeji chini ya suruali nikaingia uwanjani, na ajabu yake, nilicheza vizuri. Mechi baada ya mechi hakuna aliyenipita hadi kumfikia kijana. Nilianza kujisifu nyumbani. Mke wangu, ambaye sasa niko naye hapa na watoto wetu wawili, alichoka kunisikia.

Jumamosi moja yule wa posta akaniita kwake Thamesmead. Siku hizi yeye ndiye anayetupigia video za mechi. Aliniwekea chai, akawasha televisheni.

"Hesabu sekunde," akasema. "Tangu kijana anaposhika mpira hadi anapourusha."

Nikahesabu. Moja, na mpira umeshatoka. Mchezo mwingine, moja na nusu. Kisha akaniwekea kipande ambacho mimi nilikuwa nimepumzishwa, na kijana mwingine amekaa nafasi yangu. Moja, mbili, tatu, karibu nne, kisha mpira ukapaa mbali sana, mrusho mzuri kuliko yote ya msimu ule.

"Nikuwekee kingine?" akauliza.

"Hapana. Nimeelewa."

Yule kijana mrushaji alijua habari za goti langu tangu mwanzo. Kila nilipokuwa uwanjani alirusha mapema, mipira mifupi isiyo na sifa, ili nisilazimike kumzuia mtu kwa muda mrefu. Na msimu ule ndio aliokuwa akikusanya video za kuombea nafasi kwenye timu kubwa, timu zinazotaka kuona mipira mirefu. Miaka yote nilijihesabu kuwa mlinzi. Kumbe msimu mzima nilikuwa nikilindwa.

Nilikasirika kwanza. Nilimkabili kabla ya mazoezi, akiwa anafunga kamba za viatu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kucheza," akanijibu kwa Kiingereza chake. "Na hukuwa tayari kuacha, Anko. Nilikuona."

"Na video zako?"

Akainua mabega. "Nitarusha mwakani."

Alimaliza kufunga kiatu cha pili, akaniomba radhi, kwa heshima kabisa, akakimbilia kwa wenzake. Wiki iliyofuata nilimwambia kocha kwamba nimestaafu, na nikampa mabega yangu ya plastiki yule kijana aliyekuwa akinipumzisha.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani vijana waliponigeukia pale ukumbini. Wote watatu walikuwapo, yule wa Lubumbashi amekuja kwa treni kutoka Birmingham, mvi zimeanza kumtoka. Niliwaambia ukweli kama ninavyoujua: kwamba kwa kuusoma mchezo hakuna aliyemfikia wa kwanza, na kwamba wa pili ningemchagua siku yoyote ambayo mambo yote yameharibika.

"Anko, tunataka mmoja!" wakapiga meza.

"Kwa kucheza mpira, huyu," nikasema, nikimwonyesha kijana. "Wala msibishe."

Yule wa Lubumbashi alisimama kulalamika kwa mbwembwe, mkono kifuani kama aliyepigwa risasi. Yule wa posta alitikisa kichwa kukubali, akaendelea kula. Kijana alitazama sahani yake, na masikio yake yalikuwa yamewaka moto.

Nikataka kusema zaidi, kwamba swali lenyewe lilikuwa dogo kuliko waliyonifanyia hawa watu, lakini nikakaa chini. Sidhani walihitaji kuelezwa. Nilifika nchi hii bila ndugu hata mmoja, na leo nikiugua najua nani atakuja na nani atakaa mlangoni kwa kukosa nafasi. Nashukuru. Neno ni hilo hilo, nimelitafutia lingine sijalipata.

Watu walipoanza kuondoka, mama mmoja alinifuata karibu na meza ya vyakula. Nilikuwa nimempita mara nyingi kwenye korido za hospitali bila kujua kwamba ni mama wa kijana. Alikuwa ameshika bakuli la plastiki lenye kifuniko.

"Shikamoo, mama," nikasema, ingawa tunaweza kuwa rika moja.

"Wacha hiyo shikamoo yako ya Tanzania, unanizeesha," akacheka. "Huyu kijana wangu haongei, unajua. Lakini kila Jumapili akirudi namwuliza mlikuwa na nani, na jina la kwanza ni lako." Akanikabidhi bakuli. "Ni chapati na kuku. Pelekea mama watoto, mwambie ni mimi nimetuma."

Nilipanda basi nalo likiwa bado na joto mapajani. Nyumbani mke wangu alifungua kifuniko, akaonja kipande kabla hata hajaniuliza habari za shughuli, akaniambia nimwombe yule mama amfundishe anavyokanda unga.