Ngozi ya Ng'ombe Moyoni mwa Papa

Papa, baba yangu, alichinja ng'ombe hapa mjini Baraka tangu mimi sijazaliwa. Alikuwa na mikono mizito na sauti ya chini, na hata alipozeeka aliendelea kubeba paja zima la ng'ombe begani. Ugonjwa ulimkuta kazini. Alianguka katikati ya machinjio, kisu mkononi, akajikata kiganja, nasi tukasema ni jua. Akaanguka tena kanisani. Mara ya tatu alianguka kwenye mlima wa kwenda Fizi tukielekea matangani, na safari hiyo alikaa muda mrefu bila kufumbua macho. Daktari wa Uvira aliyemtazama moyo kwa mashine alituambia kwamba vali moja, ule mlango mdogo unaoachia damu itoke moyoni kwenda mwilini, ilikuwa imekauka kama jiwe. Alisema mzee asingefika mbali nayo.

Kaka yangu anayeishi Ulaya ndiye aliyetafuta hospitali ya Nairobi, na mimi, mwalimu niliyekuwa likizoni, nikamsindikiza. Tulivuka kwenda Bujumbura, tukapanda ndege.  Njia nzima Papa alidhani watampasua kifua, na yeye alikuwa amepasua vifua vingi vya wanyama. Alijua msumeno unavyolia kwenye mfupa.

Daktari aliyetupokea alikuwa mama wa umri wangu, mpole. Alisema kifua hakitaguswa. Wangemtoboa pajani, waingize mrija mwembamba kwenye mshipa mkubwa, waupandishe mpaka moyoni. Kwenye ncha ya mrija kungekuwa na vali mpya, imekunjwa na kubanwa kama mwavuli uliofungwa. Ikifika mahali pake ingepanuliwa na puto dogo, waya zake zisukume ile vali kuukuu ukutani, na papo hapo ianze kazi. Alitupa moja ya mfano tuishike. Ilikuwa kijumba cha waya, na ndani yake vipande vya ngozi laini. Papa aliigeuzageuza, akauliza ni ngozi ya nini. Daktari akamwambia ni ule mfuko unaozunguka moyo wa ng'ombe. Papa alicheka mpaka akakohoa. Alisema huo amewatupia mbwa maisha yake yote.

Hawakumlaza usingizi kamili, na baadaye alinisimulia. Kwa kitambo kidogo waliukimbiza moyo wake makusudi, kwa umeme, ili utetemeke bila kusukuma damu wakati vali inafunguka. Alisema ilikuwa kama mtu anayekushika shingo na kukuzamisha ziwani. Aliukamata mkono wa muuguzi akauminya mpaka yule kijana akapiga kelele. Halafu pumzi ikarudi, na alisema hajawahi kuvuta hewa nyingi namna ile tangu ujana wake.

Tulirudi na dawa za kuzuia damu isigande kwenye vali. Daktari alinionya mimi kuliko alivyomwonya yeye: mzee akikatwa au akigongwa, damu yake itachelewa kusimama. Nilimwomba Papa aache visu. Baada ya wiki chache alikuwa machinjioni tena.

Ng'ombe wake wengi waliletwa na mfugaji mmoja wa Minembwe, kwenye nyanda za juu, mtu mrefu aliyeshuka nao kwa miguu kutoka kule juu. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi, hata nyakati ambazo watu wa kule na watu wetu hawakusalimiana. Alikuwa analala kwetu, anakula kwetu, na alipozikwa mama yangu alikuja akasimama kaburini pamoja na wajomba. Papa alipomweleza habari ya ile ngozi, yule mfugaji alitafakari, kisha akauliza ng'ombe mwenyewe alikuwa wa rangi gani. Papa alisema hakufikiri kuuliza. Mwenzake akamlaumu, akasema kitu cha kukaa moyoni mwako lazima ujue ukoo wake.

Ndipo kikachomwa kijiji kimoja cha watu wetu kwenye vilima vya Fizi. Nani alichoma, mpaka leo nasikia majibu tofauti. Maiti waliletwa Baraka kwa kamyo la mizigo, wamefunikwa turubai, na miguu ya watoto ilionekana chini ya turubai. Kulipokucha vijana wa mitaa yetu walikuwa na mapanga na marungu, wakimtafuta mtu yeyote wa kule juu. Mfugaji wetu alikuwa ameshuka siku iliyotangulia, na asubuhi hiyo alikuwa machinjioni na Papa.

Nilikuwa nimepeleka chai machinjioni niliposikia filimbi zao.  Papa alimshika rafiki yake mkono, akamwingiza kwenye stoo ya ngozi, na mwenzake akaweka komeo kwa ndani. Kisha Papa akasimama mbele ya mlango, na aproni yake yenye damu ya ng'ombe wa asubuhi ile.

Waliingia wengi. Wa mbele alikuwa mtoto wa jirani yetu, kijana niliyemfundisha hesabu, ameshika rungu la mti. Macho yake yalikuwa mekundu na hakunisalimia.

"Papa, toka pale," alimwambia. "Tunajua ule mutu iko ndani."

"Ndani kuko ngozi," Papa alijibu. "We unanijua. Rudi kwenu."

Walianza kupiga kelele wote pamoja, kwamba mzee amenunuliwa, kwamba anakula na wauaji. Papa alinyoosha mikono akashika miimo ya mlango. Rungu la yule kijana lilimpiga kwanza mkononi, na nilisikia mfupa. Pigo la pili lilimshukia juu ya sikio. Nimeona damu nyingi mahali pale tangu utoto wangu, lakini sikuwahi kuona kichwa cha mtu kikimwaga hivyo. Ilishuka usoni, shingoni, ikajaza ukosi wa shati, wala haikupungua. Alipiga magoti lakini hakuachia mwimo kwa mkono uliobaki mzima. Mtu mwingine akampiga mgongoni kwa ubapa wa panga. Niliruka katikati, nikasukumwa ukutani, jino langu likakatika. Nilikuwa napaza sauti kwamba mzee ana vali moyoni, kwamba damu yake haitasimama, maneno ambayo pale hayakuwa na maana kwa mtu yeyote.

Isipokuwa kwa yule aliyekuwa ndani. Nilisikia komeo likivutwa. Mlango ukafunguka nyuma ya Papa, na mfugaji akatoka, kofia mkononi, akainama kupita kwa sababu mlango ulikuwa mfupi.

"Muache muzee," alisema. "Ni mi munatafuta. Niko hapa."

Papa alimkamata suruali. Alimshika kwa nguvu mpaka kitambaa kikachanika, akimwambia arudi ndani. Mwenzake aliinama, akamfungua vidole kimoja kimoja, taratibu, kama unavyomfungua mtoto aliyeshika kitu. Halafu wakamchukua. Hawakufika naye mbali. Kwenye lango la machinjio walimpiga kwa mawe na mapanga, na mimi niliona yote kwa sababu nilikuwa nimekaa chini nimembana Papa kichwa kwa aproni yake na uso wangu ulikuwa umeelekea huko. Hakulia kwa sauti. Walipomaliza, walisambaa haraka, wengine wakikimbia kana kwamba wao ndio wanaofukuzwa.

Nilimfikisha Papa hospitali kwa pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nikikandamiza kidonda. Walimshona, damu ikatoka kati ya nyuzi. Daktari kijana wa zamu alizijua zile dawa. Alipiga simu Nairobi, akaelekezwa dawa ipi isimamishwe na ipi isiguswe, kwani bila kinga yoyote vali ingeweza kuziba. Lakini Papa alikuwa amepoteza damu nyingi mno, na ilihitajika damu ya mtu. Yangu haikulingana na yake. Wajomba hawakupatikana, na wengine niliowapigia waliogopa kuonekana wakimsaidia mzee aliyemficha adui.

Aliyekuja ni jirani yetu, mama wa yule kijana mwenye rungu. Alikuwa amefunga kitenge kifuani kama mtu aliyetoka shambani mbio. Alinyoosha mkono wake kwa muuguzi na kutazama upande wa dirisha mpaka mfuko ukajaa. Alinikuta nimevimba mdomo, akanipa kitambaa chake.  Sote wawili tulikuwa tunajua mtoto wake alichofanya.

Papa alipona. Mkono uliunga vibaya. Walipomtazama tena moyo kule Uvira, vali ilikuwa imekaa mahali pake, inafunguka na kufunga vizuri. Tulimweleza ni damu ya nani aliyotiwa.  Rafiki yake mfugaji alikuwa amezikwa na vijana wa parokia, na Papa mwenyewe alimpigia simu mjane kule Minembwe. Alifunga mlango wa chumba akizungumza. Nilichosikia ni kilio cha Papa, sauti ambayo sikuijua.

Miezi ilipita. Siku moja tulikuwa sokoni tunachagua samaki, na yule kijana akatokea kati ya meza, amebeba gunia la mihogo. Aliganda. Papa aliinua fimbo yake ya kutembelea akampiga nayo begani, akampiga usoni, akampiga tena alipoanguka. Wanawake walikimbia na beseni zao. Kijana alijifunika kichwa bila kurudisha mkono hata mara moja. Watu waliponisaidia kumvuta Papa, mdomo wa kijana ulikuwa umepasuka, na jicho moja limefunga. Papa alikuwa anahema sana. Nilimuuliza kama moyo unamuuma.

"Moyo iko muzuri," alisema. "Ni mi ndiyo siko muzuri."

Mchana huo jirani alikuja kwetu. Nilidhani ameleta ugomvi, nikasimama mlangoni. Papa alimwambia mwenyewe, kabla hajakaa, kwamba amempiga mtoto wake.

"Nimeona," alijibu yule mama. "Mi nilimupiga ile siku ya machinjio. Nilimupiga mpaka muti ikavunjika."

Nilileta viti. Walikaa uani bila kutazamana, Papa akisugua mkono wake mbovu. Baadaye yule mama alisema kijana atakwenda kwa mjomba wake Kalemie na meli ya kwanza, maana hapa hawezi kukaa tena.  Papa akaniambia nimletee jirani chai, na mimi nikaenda kuwasha moto.