Kamongo wa Mama Mkwe

Niseme wazi tangu mwanzo kwamba samaki nilikuwa siwapendi, na hata leo sijawapenda. Nimezaliwa upande wa Kuria, kule juu kwenye mahindi na tumbaku, kaunti ya Migori, na nyumbani kwetu kitoweo kilikuwa na miguu minne. Kisha nikaolewa Homa Bay. Mume wangu ni mtu wa ziwani, na harufu ya dagaa wa omena walioanikwa, ambayo kwake ni harufu ya nyumbani, kwangu ni sababu ya kufunga dirisha. Nimezoea, lakini kuzoea si kupenda.

Na katika samaki wote wa lile ziwa, hakuna anayenitia kinyaa kama kamongo. Ni mrefu kama nyoka aliyenenepa, ana utelezi wa kamasi, mapezi yake ni nyuzi mbili tatu zinazoning'inia, na ana meno. Zaidi ya hayo anapumua. Hutoa pua nje ya maji akavuta hewa kwa sauti, kama mzee anayekunywa uji wa moto. Kanisani kwetu, sisi tunaoabudu Jumamosi, wanamhesabu kuwa najisi, na kwa huyo mimi sikuhitaji mahubiri.

Basi huyo ndiye mama mkwe aliyeniletea nyumbani, akiwa hai, ndani ya ndoo.

Mama mkwe alikuwa ametoka Kendu Bay kuja kutibiwa macho. Daktari alitueleza kwamba ni presha ya macho, kwamba alichokwisha kupoteza hakitarudi, na kwamba dawa ya matone ingechelewesha tu kupotea kwa kilichobaki. Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba: katikati pako sawa, pembeni giza, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Kwa mila zao mama halali katika nyumba ya mwanawe, kwa hiyo tulimkodishia chumba kwenye ploti ileile tuliyopanga, mlango wake ukitazamana na jiko langu. Mimi na yeye tuliongea Kiswahili, maana Kijaluo changu ni cha sokoni, na Kikuria yeye hajui hata salamu. Aliniita Nyar Kuria, binti wa Kuria, nami nilimwita Mama.

"Mama, huyu ni wa nini?" nilimuuliza siku ile ya ndoo, nimesimama mbali.

"Ya kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Sijui. Si bado sijaangalia?"

Baadaye, tukimenya viazi, alinieleza vizuri. Kwao alikozaliwa wanawake walikuwa hawali kamongo wala hawamgusi. Alikuwa wa wanaume. Lakini wasichana walisikia habari zake. Walisikia kwamba kinamasi kikikauka hujizika kwenye matope akalala mpaka mvua irudi. Wengine walisema hapana, anakufa, na mvua huleta mwingine. Wengine walisema hujila mkia. Kila mtu alikuwa na maneno yake na hakuna aliyekuwa ameona.

"Mimi nimezaa watoto, nimezika mzee, nimepika samaki miaka yangu yote," alisema. "Hii sijaona. Na macho inaenda. Wacha nione ikiamka, halafu macho iende."

Ungemwambia nini mtu kama huyo? Mkwe humkatalii.

Alipata pipa la plastiki lililokatwa katikati, akaagiza matope meusi ya kinamasi yaletwe kwa boda boda kwenye magunia, na kijana wa boda boda alipoyashusha alinitazama kwa huruma. Wiki za mwanzo ndizo zilizonishinda. Maji yalikuwa meusi, yakitoa mapovu, na ule uvundo ulivuka ua ukaingia hadi kwenye unga wa ugali. Nilikuwa nikimimina chai napumua kwa mdomo. Mume wangu alicheka tu. Alisema kamongo wa kiasi kile ni mtamu kwa nyanya na pilipili, tunangoja nini. Kisha mama mkwe akaacha kuongeza maji, na siku moja yule mnyama akawa haonekani tena. Alikuwa amechimba akazama. Matope yakakauka, yakapasuka pasuka, yakawa magumu kama sakafu, na katikati pakabaki tundu moja la kupitisha kidole.

Kila jioni mama mkwe alikaa kwenye kigoda akilitazama lile tundu kwa yale macho yaliyobaki. "Kuja tusikie kama inapumua," aliniita. Sikwenda. Mimi nilikuwa na vyombo vya kuosha.

Mara moja nilimuuliza, kwa ile sauti yangu ya darasani, "Sasa Mama, utajuaje kama hajafa?"

"Sijui. Ndiyo maana nangoja."

Mimi ni mwalimu wa sayansi, gredi ya saba. Kila andalio langu la somo huanza kwa maneno yaleyale, nayaandika nusu usingizini: kufikia mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze. Aweze kutaja, aweze kueleza, aweze kutambua. Muhula ule tulikuwa tunapima wanga katika vyakula kwa tone la iodini. Nilipita kati ya meza nikakuta kundi moja limeandika kwamba kiazi kimegeuka buluu iliyokolea. Kiazi chenyewe kilikuwa mbele yao, cha kahawia tu, kwa sababu ile dawa ilikuwa imekaa sana ikaharibika.

"Hiyo buluu mmeiona wapi?" niliwauliza.

"Madam, si ndivyo iko kwa kitabu?"

Hitimisho walikuwa wameliandika kabla hata hawajakata kiazi. Niliwapa alama zote. Niliwapa nikijihisi kama mtu aliyemeza kitu kilichochacha, lakini niliwapa, maana hata kwenye mtihani wangepewa. Tumewafundisha watoto kwamba swali ni mlango wa nyuma wa jibu ambalo tayari liko sebuleni limekunja nne. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo, nami nikaja kuwaambukiza.

Mwalimu wetu mkuu ni mtu wa methali moja. Samaki mkunje angali mbichi. Ameiandikisha ukutani karibu na mlingoti wa bendera, huisema gwarideni, huisema kwenye mikutano ya wazazi, na kila akiisema mimi huona mikono yenye jasho ikimkunja samaki wa watu. Alipopata habari kwamba wageni wakubwa wa elimu wangekuja kuona miradi ya wanafunzi, alianza kutafuta kitu cha kuwaonyesha. Maua ya chupa za plastiki tulikuwa nayo, lakini kila shule inayo. Na mimi kwa muda wote ule nilikuwa nalalamika ofisini mwetu, kila chai ya saa nne, juu ya uvundo wa kamongo wa mkwe wangu. Hakuna mwalimu ambaye hakuwa amesikia.

Alikuja mwenyewe nyumbani kuliomba lile pipa. Mama mkwe alifurahi kuliko nilivyotegemea. Alisema watoto waone, ni vizuri waone, lakini akaweka sharti moja.

"Msivunje. Hii inangoja mvua. Mvua ikianza tunamwaga maji hapo hapo kwa shule, mimi nikiwako. Mnaniita."

"Hakuna shida, Mama. Hakuna shida kabisa," alijibu mwalimu mkuu, mkono kifuani.

Pipa lilikwenda shuleni kwa mkokoteni. Siku ya wageni ilipofika ikaangukia siku ya kliniki, kwa hiyo mume wangu akampeleka mama yake hospitalini, mimi nikaenda kusimama kando ya matope.

Mgeni rasmi alipita kwenye maua ya chupa akayasifu. Alipita kwenye jiko la udongo akalisifu. Akafika kwetu, akatazama pipa la udongo mkavu lenye tundu, akauliza hiki ni nini. Msichana niliyekuwa nimemweka pale alieleza vizuri kwamba ndani kuna samaki, na hatujui kama yuko hai.

"Na lengo la mradi ni nini?"

Msichana akanitazama mimi.

"Kuona kama ataamka mvua ikija," nikasema. "Na akiamka, anaamkaje."

"Hiyo si lengo, madam. Mwananchi atafaidika na nini hapa?"

Mwalimu mkuu alicheka kwa meno yote, ule uchekaji wa kuomba radhi kwa niaba ya mwingine. Alisema mheshimiwa asijali, matokeo atayaona sasa hivi, akaagiza jembe. Nilimshika mkono. Nilisema mvua bado, tulimwahidi mama.

"Madam, mgeni ana ratiba," alisema chini chini. "Mvua haina."

Mlinzi wa shule akapiga. Pigo la kwanza lilifungua ufa. La pili likazama. Bonge likagawanyika, na ndani mkawa na kitu kimefungwa kwa ngozi nyembamba, kavu, ya hudhurungi, kama ganda la kitunguu, na jembe lilikuwa limepasua ubavu wake. Utelezi ulitoka ukichanganyika na damu. Kisha yule samaki akafungua mdomo akavuta hewa kwa ile sauti niliyokuwa nikiichukia. Akavuta tena. Kisha basi.

Mgeni aliruka nyuma, leso puani. Watu wakacheka. Mmoja alisema kiasi hicho kinajaza sufuria. Mwalimu mkuu akainua bonge lenye tundu akapigwa picha nalo, na kwenye hotuba yake, Mungu ni shahidi, akaisema ile methali. Halafu wakaenda kula pilau.

Mimi nimekua nikiona ng'ombe wakichinjwa. Nimesafisha matumbo yao kwa mikono yangu. Sijawahi kupata kichefuchefu kama nilichopata nikitazama yale meno meupe ya mwalimu mkuu yakitafuna pilau. Na yule msichana wangu nilimkuta anafuta daftarini pale alipokuwa ameandika hatujui. Nilimuuliza anaandika nini badala yake. Alisema anatafuta lengo.

Nilikusanya kilichobaki nikakitia guniani, nikakibeba nyumbani.

Mama mkwe alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kigoda chake mbele ya mahali palipokuwa na pipa. Nilimweleza yote bila kupunguza. Nilingoja alie, au anitukane.

"Ilikuwa hai?"

"Alikuwa hai, Mama."

"Ulijuaje?"

"Alivuta hewa. Mara mbili. Nilisikia mwenyewe."

"Kumbe inakuwanga hai," alisema, kama mtu anayejiambia. Kisha akauliza, "Ililala namna gani?"

Nilimfungulia gunia chini ya taa. Aliinama, akageuza kichwa huku na huku kutafuta lile bomba lake la kuonea, na nikaona kwamba haoni kitu. Udongo mweusi na samaki mweusi, kwake vyote vilikuwa usiku. Hakuniomba. Alikaa tu ameinama, anangoja, kama alivyokuwa amengoja miezi yote ile.

Nikapiga magoti. Nikaingiza mikono. Sijui niseme nini juu ya kile nilichokishika, ila kwamba kilikuwa baridi, kinateleza, kimeanza kunuka, na mwili wangu wote ulitaka kukimbia mikono ikabaki. Nilimpapasa polepole tangu juu, maana bado alikuwa amekwama katika nusu ya bonge vilevile alivyolala.

"Kichwa kiko juu, Mama, kinatazama tundu. Mwili umeshuka, halafu ukageuka ukarudi juu. Amejikunja kati. Mkia umekuja mpaka usoni."

"Mpaka macho?"

"Mpaka macho. Umeyafunika."

Nikamshika mkono nikaupeleka. Vidole vyake havikusita kama vyangu. Vilifuata mgongo, vikazunguka, vikapanda na mkia mpaka pale ulipolala juu ya macho, vikatulia. Hapo ndipo nilipokumbuka ule ukuta wa shule. Huyu hakukunjwa na mtu. Alijikunja mwenyewe, gizani, kwa sababu zake.

"Kwa nini inafunika macho?"

Majibu mawili matatu yalinijia, yote ya kupata alama.

"Sijui, Mama."

"Mwalimu hajui?" Aliuliza bila kejeli. Alifurahi, kama nimemletea kitu kutoka safarini. "Basi iko kazi. Tafuta ingine."

"Lakini Mama, mpaka matope yakauke, mpaka mvua nyingine..."

"Mimi sitaona, najua," alisema. "Utaniambia. Mikono yako imeshajua."

Niliosha ile mikono kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. Asubuhi bado ilinuka. Nilikwenda hivyo hivyo ufuoni kwa wauza samaki, na mama mmoja akanitolea kamongo mzima kwenye beseni, akainua kisu, akauliza anikatie vipande vingapi. Nilimwambia asimkate, aniwekee kwenye ndoo na maji.

"Ya nini sasa, madam?"

"Ya kuangalia."

Nilibeba ile ndoo mbali na mwili wangu njia nzima, na kila alipotoa pua kuvuta hewa, nilitema mate.